Diski Ikigoma Kuandikwa, Usikimbilie 777

Patisheni ya data inaonekana vizuri kwenye Linux, picha zinafunguka, muziki unapiga, lakini ukitaka kuhifadhi faili jipya ndani yake unakataliwa. Hali hii humkuta sana mtu aliyeweka Linux kwenye kompyuta yenye Windows, au aliyeongeza diski ya pili, na dawa anayopewa haraka kuliko zote ni amri moja: `sudo chmod -R 777`, ikifuatiwa na jina la folda. Amri hiyo humpa kila mtumiaji na kila programu haki ya kusoma, kuandika na kuendesha chochote kilichomo. Kuna siku inafanya kazi, kuna siku haifanyi lolote, na kuna siku inaivuruga kompyuta nzima. Msimamo wa makala hii ni kwamba kukataliwa kuandika ni jibu linalotolewa na tabaka fulani la mfumo kwa sababu maalumu, na tiba inayodumu hupatikana kwa kulitambua kwanza tabaka hilo. Aliyeijua sababu kwa kawaida humaliza kazi kwa amri moja au mstari mmoja. Asiyeijua atabadilisha ruhusa za kila kitu na kesho yake, kompyuta ikiwashwa upya, tatizo litakuwa pale pale.

Kwenye Windows kila patisheni hupewa herufi yake. Linux haina herufi hizo. Ina mti mmoja wa folda unaoanzia kwenye alama ya mkwaju, `/`, na patisheni yoyote huanza kutumika pale inapopachikwa kwenye folda mojawapo ya mti huo, tuseme `/mnt/kazi`. Ombi la kuandika ndani ya folda hiyo hukaguliwa sehemu tatu. Ya kwanza ni kifaa chenyewe: kadi ya SD ina kiswichi kidogo ubavuni cha kuzuia uandishi, na baadhi ya flashi zikichakaa hujifunga zenyewe zikabaki za kusomwa tu. Ya pili ni hali ambayo patisheni imepachikwa nayo: kerneli huiweka ama katika hali ya kusoma na kuandika, `rw`, au ya kusoma tu, `ro`. Ya tatu ni ruhusa za folda na mafaili: mmiliki ni nani, kundi ni lipi, na watumiaji wengine wanaruhusiwa nini. Sehemu moja ikikataa, ombi limeishia hapo hata kama nyingine mbili zimeridhia. Sasa, `chmod` hugusa sehemu ya tatu peke yake, tena si kwa kila aina ya mfumo wa faili. Hapo ndipo unapoanza udhaifu wa ile dawa ya 777: inatolewa kabla ya kuuliza kizuizi kiko wapi.

Kizuizi hujitaja chenyewe, ila programu ya kuvinjari folda mara nyingi huficha maelezo hayo na kukuonyesha tu kitufe kilichofifia. Fungua teminali ujaribu kuunda faili tupu: `touch /mnt/kazi/jaribio`. Ukijibiwa “Permission denied”, kikwazo ni ruhusa: patisheni inaandikika, ila si kwako. Ukijibiwa “Read-only file system”, patisheni nzima iko katika hali ya kusoma tu na suala la mmiliki halijafikiwa hata kidogo. Ukijibiwa “Operation not permitted”, unaomba kitu ambacho mfumo huo wa faili haukitambui, au faili limewekewa alama ya kutobadilishwa. Kisha rudia jaribio lile lile kwa kutanguliza `sudo`. Mtumiaji `root` hupita juu ya ruhusa za kawaida za mmiliki na kundi, lakini hawezi kuandika kwenye patisheni iliyopachikwa kwa kusoma tu. Kwa hiyo `sudo touch` ikifaulu pale ambapo `touch` imeshindwa, umethibitisha kwamba tatizo ni la ruhusa. Nayo ikikwama kwa ujumbe wa kusoma tu, hakuna `chmod` duniani itakayokusaidia. Lifute faili la jaribio, halafu andika `findmnt /mnt/kazi`. Safu ya FSTYPE itakuambia aina ya mfumo wa faili, na safu ya OPTIONS itakuambia kama ni `rw` au `ro`. Vipande hivyo viwili vya habari, pamoja na ule ujumbe wa kosa, vinatosha kukuelekeza njia ya kufuata.

Tuanze na mifumo ya faili ya Linux yenyewe, kwa kuwa huko ndiko ruhusa zinakofuata kanuni zake bila kona. Mfumo wa ext4, uliotangazwa kuwa tayari kwa matumizi katika kerneli 2.6.28 mwaka 2008, huandika ndani ya diski namba ya mmiliki wa kila faili, namba ya kundi, na herufi za ruhusa. Ukitengeneza patisheni mpya ya ext4 kwa amri ya kawaida kisha ukaipachika, folda yake ya juu huwa mali ya `root`. Amri `ls -ld /mnt/kazi` itaonyesha `drwxr-xr-x root root`: mmiliki anaweza kuandika, kundi na wengine wanaweza kusoma na kuingia tu. Hakuna kilichoharibika. Diski mpya haijaambiwa wewe ni nani. Tiba yake ni kuikabidhi kwa mwenyewe: `sudo chown asha:asha /mnt/kazi`, ukiweka jina lako la mtumiaji mahali pa `asha`. Hakuna haja ya `-R` kwa sababu bado hakuna kitu ndani isipokuwa folda ya `lost+found`, ambayo inafaa ibaki mikononi mwa `root`. Na kwa kuwa umiliki huo umeandikwa ndani ya diski, utadumu hata baada ya kuwasha upya kompyuta. Jambo la kuangalia ni mpangilio wa hatua. Ukitoa amri ya `chown` kabla ya kupachika, umebadilisha folda tupu ya chini, ambayo patisheni ikishapachikwa huifunika kabisa. Ni sawa na kupaka rangi ukuta kisha kusimamisha kabati mbele yake. Wengi wanaolalamika kwamba `chown` imegoma wameitoa wakati patisheni haipo mahali pake.

Diski ya ext4 ikihama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine huja na jambo la pili. Kilichoandikwa ndani yake ni namba. Jina lako halimo. Debian, Ubuntu na Fedora za leo humpa mtumiaji wa kwanza namba 1000, anayefuata 1001, na kuendelea. Kama kwako wewe ni 1000 na kwenye kompyuta ya ofisini namba 1000 ni ya mtu mwingine, mafaili yako yataonekana kuwa ya mtu huyo, nawe utakuwa mgeni kwenye diski yako. Amri `id` itakuonyesha namba yako, na `ls -ln` itaonyesha namba za mafaili badala ya majina. Diski inapotumiwa na watu kadhaa, njia ya kiungwana ni kundi: unda kundi la pamoja, waingize wahusika, kabidhi folda kwa kundi hilo kwa `chgrp`, kisha uipe folda ruhusa 2775. Ile 2 ya mwanzo hufanya kila faili jipya lirithi kundi la folda. Hata hivyo, mipangilio ya kawaida ya baadhi ya mifumo huunda mafaili ambayo kundi linaweza kuyasoma tu, na kwa hali hiyo `setfacl -d -m g:kundi:rwX /mnt/kazi` huweka kanuni kwamba chochote kitakachozaliwa humo kiandikike na kundi zima. Hiyo ndiyo kazi ambayo watu huitarajia kutoka kwa 777, ila hapa milango inafunguliwa kwa wanaohusika tu.

Mambo hubadilika kabisa tukija kwenye FAT32 na exFAT, mifumo inayokaa kwenye flashi na kadi nyingi tunazopeleka kuchapisha kazi kwenye duka la steshenari. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, na mapema ikajengwa kwa kompyuta moja inayotumiwa na watu wengi, hivyo suala la nani mwenye faili lilikuwa la msingi. FAT ilienea pamoja na MS-DOS kwenye kompyuta za mtu mmoja mmoja, na haina mahali popote pa kuandika jina wala namba ya mmiliki. Kila faili lina alama chache tu, mojawapo ikiwa ya kusoma tu. exFAT imefuata mkondo huo huo. Linux haiwezi kuonyesha faili lisilo na mmiliki, kwa hiyo hubuni mmiliki na ruhusa wakati wa kupachika, na kuzitumia kwa kila kilichomo hadi patisheni itakapopachuliwa. Jaribu `sudo chmod 777` kwenye folda ya flashi ya FAT32 iliyopachikwa hivyo: amri itamaliza kimya kama vile imefaulu, lakini `ls -ld` itakuonyesha `drwxr-xr-x` ile ile. Jaribu `chown`, utajibiwa “Operation not permitted” hata ukiwa `root`. Unaomba kuandika kitu mahali ambapo nafasi ya kukiandika haipo. Huu ni ushahidi mzito dhidi ya wanaoamini kwamba 777 ni ufunguo wa kila kufuli.

Mtu atauliza: mbona flashi yangu huandikika bila shida nikiichomeka? Kwa sababu mazingira ya kisasa ya Linux hutumia huduma iitwayo udisks, ambayo hupachika flashi chini ya `/media` au `/run/media` na kuiambia kerneli kwamba mmiliki wa vyote ni mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Tatizo huibuka pale mtu anapopachika mwenyewe kwa `sudo mount`, au anapoandika mstari katika `/etc/fstab` ili patisheni ipachikwe kompyuta inapowaka. Hapo anayepachika ni `root`, na ukikaa kimya kuhusu mmiliki, kerneli humweka huyo huyo. Kwa exFAT, mstari unaofaa unaonekana hivi:

`UUID=5A3C-91F0 /mnt/kazi exfat uid=1000,gid=1000,dmask=022,fmask=133,nofail 0 0`

Sehemu ya kwanza ni kitambulisho cha patisheni, kinachopatikana kwa `lsblk -f`. Ni salama kuliko `/dev/sdb1`, jina linaloweza kubadilika ukichomeka kifaa kingine. `uid` na `gid` ni namba zako. `dmask` na `fmask` hutaja ruhusa za kuondoa: 022 kwenye folda hubakiza 755, na 133 kwenye mafaili hubakiza 644, ili picha na barua zisihesabiwe kuwa programu za kuendeshwa. `nofail` huzuia kompyuta isikwame wakati wa kuwaka endapo diski haijachomekwa. Ukishahifadhi, pachua kwanza kwa `sudo umount /mnt/kazi`, kisha `sudo mount -a`. Usiridhike na kupachika juu kwa juu kwa `remount`, kwani si kila mabadiliko ya mmiliki husikika kwa njia hiyo. Na usiuchukue mstari huu kuupeleka kwenye ext4: yenyewe haitambui `uid=` ya namna hii, na itakataa kupachikwa kwa ujumbe unaoanza “wrong fs type, bad option”. Kila mfumo wa faili una mahali pake pa kuhifadhi umiliki. Kwa ext4 ni ndani ya diski, kwa FAT na exFAT ni kwenye mstari wa kupachika.

NTFS ya Windows, iliyotoka pamoja na Windows NT 3.1 mwaka 1993, iko katikati ya ext4 na FAT. Ina mmiliki na ruhusa, tena za kina, lakini zimeandikwa kwa utaratibu wa Windows, na watumiaji wake si wale wanaojulikana na Linux. Namna zinavyotafsiriwa hutegemea dereva. Kwa miaka mingi dereva lililotegemewa ni NTFS-3G, lililofikia toleo thabiti mwaka 2007. Usipolipa maelekezo yoyote, humruhusu kila mtumiaji kusoma na kuandika. Kisha mwaka 2021, kerneli 5.15 ikaleta dereva liitwalo ntfs3, lililochangiwa na kampuni ya Paragon. Hili likitumiwa na `root` kupachika bila maelekezo hufanya kama FAT: mmiliki ni `root` na wengine wanasoma tu. Kwa hiyo diski ile ile, isiyobadilishwa hata baiti moja, inaweza kuandikika jana na kukataa leo baada ya kubadili dereva au kuhamia toleo jingine la Linux. Mwenye kuamini kwamba diski ndiyo yenye kasoro atahangaika nayo bure. Mwenye kusoma safu ya FSTYPE ataona neno `ntfs3` mahali palipokuwa na `fuseblk`, ataongeza `uid=1000,gid=1000,umask=022` kwenye fstab, na kazi imekwisha.

Lakini NTFS ina sababu nyingine ya kugoma, na ndiyo inayochanganya watu zaidi kwa kuwa haihusiani na ruhusa hata kidogo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kompyuta kwa kawaida hakumaanishi kwamba Windows imezimika kabisa. Kipengele cha “Fast startup” huhifadhi sehemu ya ndani ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake upesi, na pamoja nayo huhifadhiwa picha ya hali ya patisheni zilizokuwa wazi, pamoja na ile ya data. Linux ikiandika kwenye patisheni hiyo wakati Windows bado inaamini picha yake ya zamani, Windows ikiamka itafanya kazi kwa kumbukumbu isiyolingana na kilichomo, na mafaili yanaweza kupotea. Ndiyo maana NTFS-3G husema wazi kwamba Windows imelala, ikakataa kupachika au ikapachika kwa kusoma tu, huku ikikusihi uizime Windows kikamilifu. ntfs3 nayo hugoma kupachika patisheni yenye alama ya kutofungwa vizuri, hadi ilazimishwe. Tiba sahihi iko upande wa Windows: zima kipengele hicho katika mipangilio ya umeme, au fungua teminali ya Windows kwa mamlaka ya msimamizi uandike `powercfg /h off`, kisha zima kompyuta. Ukirudi Linux, patisheni itapachikwa `rw` bila kubembelezwa.

Wapo watakaosema kwamba huo ni mzunguko, maana ziko njia za mkato: NTFS-3G ina chaguo la `remove_hiberfile`, ntfs3 ina `force`, na amri ya `ntfsfix -d` hufuta alama ya kutofungwa vizuri. Ni kweli zipo, na zina siku yake. Kama diski ilichomolewa ghafla, Windows haimo tena kwenye kompyuta, na data ya maana umeshainakili kwingine, `ntfsfix` inaweza kukuvusha. Ila chaguo la kwanza hufuta kikao cha Windows kilichohifadhiwa pamoja na kazi yoyote isiyohifadhiwa ndani yake, na `ntfsfix` si mbadala wa `chkdsk`. Hurekebisha mambo machache ya msingi na kuiachia Windows ukaguzi kamili. Kuzitumia kama desturi ya kila asubuhi, wakati Windows inaendelea kulala upande wa pili, ni kuondoa onyo na kuiacha hatari.

Hali ya kusoma tu huweza kuitokea ext4 pia, na hapo huwa habari nzito zaidi. Kisakinishi cha Debian kwa kawaida huiwekea patisheni kuu chaguo la `errors=remount-ro`: kerneli ikigundua kwamba muundo wa mfumo wa faili umevurugika, huigeuza patisheni kuwa ya kusoma tu pale pale ili uharibifu usienee. Sababu zinaweza kuwa diski inayokufa, kebo iliyolegea, au umeme uliokatika wakati kifaa kinaandika. Ingawa ext4 hutunza daftari la mabadiliko linaloisaidia kujirekebisha baada ya kuzimika ghafla, daftari hilo haliwezi kuokoa sehemu ya diski iliyokufa. Andika `sudo dmesg` utafute mistari yenye “EXT4-fs error” au “I/O error”. Ukiiona, utaratibu ni huu: nakili kwanza data ya muhimu, pachua patisheni, kisha endesha `fsck` ikiwa haijapachikwa; na kama ni patisheni kuu, anzisha kwanza kompyuta kwa flashi ya usakinishaji. Anayekimbilia `mount -o remount,rw` mara nyingi atakataliwa na kerneli, na akikubaliwa atakuwa anaandika juu ya muundo uliovurugika. Kugoma kwa diski hapa ni ulinzi, na aliyeuelewa huo ulinzi atanunua diski nyingine mapema kuliko aliyeushinda kwa nguvu.

Turudi kwa 777, kwa sababu watetezi wake wana hoja moja inayostahili kujibiwa: kompyuta ni yangu, naitumia peke yangu, hatari iko wapi? Kwanza, kwenye Linux hupo peke yako. Huduma za nyuma ya pazia, kama seva ya wavuti au ya kuchapisha, huendeshwa na watumiaji wao wenyewe ili mmoja akivamiwa asiharibu mali ya wengine. 777 huvunja ukuta huo. Pili, mabadiliko ya `-R` hayana njia ya kurudi, maana hakuna mahali ruhusa za awali zilipohifadhiwa. Tatu, kosa dogo la kuandika linatosha kuleta msiba. Amri ya `rm` katika mifumo mingi hukataa kufuta `/` mpaka uilazimishe, lakini `chmod` haina kinga hiyo kwa kawaida, na nafasi moja iliyochomekwa baada ya mkwaju hutuma 777 kwenye mfumo mzima. Matokeo yake yanajulikana: `sudo` hupoteza alama maalumu inayoiwezesha kufanya kazi kwa mamlaka ya `root` na kuanza kulalamika kwamba haina alama hiyo, huku `ssh` ikikataa ufunguo wa siri kwa kuwa uko wazi kwa kila mtu. Yaani mtu aliyetaka kuhifadhi faili moja anajikuta amepoteza amri ambayo angeitumia kujirekebisha.

Wengine huona bora kufungua programu ya folda kwa `sudo`, wakaandika kila kitu kwa mamlaka ya `root`. Kwenye ext4 hii huzalisha tatizo lile lile upya: kila faili utakaloliunda litakuwa la `root`, na kesho utahitaji `sudo` kulihariri, na programu utakazozifungua namna hiyo zinaweza kuacha mafaili ya `root` ndani ya folda yako ya nyumbani. Kuna pia wanaobadilisha ruhusa za faili moja na kushangaa programu bado inakataa kuhifadhi. Ruhusa ya kuunda, kufuta au kubadilisha jina la faili hutoka kwenye folda ambamo faili limo, na programu nyingi za kuandikia huhifadhi kwa kuunda faili jipya kisha kulibadilisha na la zamani. Faili lenye 666 ndani ya folda usiyoruhusiwa kuandika litahaririwa na programu moja na kukataliwa na nyingine, kwa kutegemea tu namna zinavyohifadhi.

Ikiwa `touch` inafaulu kwenye teminali ila programu moja pekee ndiyo inayokataa, acha diski na utazame programu. Zilizosakinishwa kwa Snap au Flatpak hufungiwa katika eneo lake, na huenda haziruhusiwi kufika `/mnt` wala `/media` hata kama wewe mwenyewe unaruhusiwa. Kwa Snap, amri ya mfano wa `sudo snap connect vlc:removable-media` hufungua njia hiyo kwa programu zinazoomba kiunganishi hicho. Kwa Flatpak, `flatpak override --user --filesystem=/mnt/kazi` ikifuatiwa na kitambulisho cha programu hufanya kazi hiyo. Hapa pia, 777 kwenye diski haigusi kizuizi.

Limebaki pingamizi kubwa: kama mambo ni mengi hivi, si kosa la Linux yenyewe? Sehemu ya lawama ni ya haki. Programu ya folda ingeweza kusema wazi kwamba patisheni iko katika hali ya kusoma tu kwa sababu Windows imelala, badala ya kumwacha mtu akibofya kitufe kisichoitika. Lakini ugumu wenyewe haukuzaliwa na Linux peke yake. Ukihamisha diski ya NTFS kutoka Windows moja kwenda nyingine, mafaili ya mtumiaji wa zamani huweza kukukatalia hadi uchukue umiliki wake, kwa sababu ile ile kwamba mmiliki aliyeandikwa humo hajulikani kwenye kompyuta mpya. Popote penye watumiaji zaidi ya mmoja na diski zinazohama, mtu lazima aseme nani ni nani. Linux hukuachia wewe useme, na hukupa mahali pa kusemea kulingana na mfumo wa faili. Kabla ya kugusa ruhusa yoyote, basi, soma ujumbe wa kosa, linganisha `touch` na `sudo touch`, na usome `findmnt`. Ikiwa ni `ro`, tafuta aliyeifunga na sababu yake. Ikiwa ni `rw` na ext4, tumia `chown`. Ikiwa ni `rw` na FAT, exFAT au NTFS, rekebisha mstari wa kupachika. Utakapoona mtu anashauri 777, muulize swali moja tu: `findmnt` inasemaje? Akishindwa kujibu, ushauri wake umetolewa kabla ya uchunguzi.